Kumi na Mmoja wa Kiwanja Namba Nane

Bruno hakutaka kufungua droo.

Alisimama mbele yake, mikono nyuma, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, akamkazia macho Inspecteur Fanny Katungu. Chumba cha kupanga barua kilikuwa kirefu na chembamba, na ukuta mzima ulijaa rafu za mbao zenye namba zilizoandikwa kwa rangi nyekundu. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na nusu asubuhi. Saa sita kamili lori la Kpandroma, linalopita Fataki, lingeondoka mjini Bunia, na juu ya mizigo yake angekaa mama mmoja aitwaye Godelive, anayekwenda kumtafuta binti yake mahali ambapo hapakuwa na mtu. Wiki iliyopita magari mawili yalikwenda kwa barabara hiyo na hayakufika. Fanny alikuwa na saa tatu na nusu, na mzee huyu alikuwa akimlia dakika zake.

"Papa Bruno, minaomba funguo. Sitaomba mara ya tatu."

"Mama Inspecteur, ile droo haiko ya serikali. Ile droo iko ya Mungu."

"Mungu akija atakuja na mandat yake. Ya kwangu iko hapa."

Akaiweka karatasi ya hakimu mezani. Bruno hakuisoma. Alivuta pumzi ndefu, akatoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwa leso kama kwamba ulikuwa na uchafu, kisha akampa.

Kesi yenyewe iliingia siku ya Jumatatu. Godelive, muuza sombe, majani ya muhogo, wa soko kuu, alifika kwenye ofisi ya Fanny akiwa na barua tatu ndani ya mfuko wa plastiki, akaziweka mezani na kusema: "Mutoto yangu iko ananiandikia toka kwa wafu." Binti huyo, Rébecca, alipotea miaka saba iliyopita, wakati watu wa Fataki walipokimbia wote kwa siku moja. Alikuwa na miaka sita. Mama alimshika mkono hadi kwenye kijito, na kwenye kijito watu walisukumana, na ng'ambo ya pili mkono haukuwapo.

Barua zilikuwa fupi. Ya tatu Fanny alikuwa ameisoma mara nyingi mno, hata usingizini ilimjia.

*Mama, hii iko mara ya tatu minakuandikia. Haujibu. Minasema labda weye njo ulikufa. Ile kovu ya mafuta ya mukono yangu ilikomea pamoya na miye. Kama uko, andika. Fasi yangu iko nyuma ya envelope, mu kode.*

Fanny alipoisoma mara ya kwanza alifikiri matapeli. Anawajua matapeli wa kuwapigia simu wakimbizi, na anawachukia kuliko wezi wa bunduki. Lakini tapeli huomba kitu, na barua hizi hazikuomba ila jibu. Ndiyo maana alitaka kujua zimetoka wapi, na ndiyo maana alikuwa hapa.

Akafungua droo.

Ndani mlikuwa na barua kumi na mbili, zimefungwa kwa kamba ya nailoni, na juu yake rozari.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ya ine," Bruno akasema. Alikaa kitini kabla hajaambiwa akae. "Zile tatu ya Mama Godelive nilimupelekea miye mwenyewe. Envelope ilisema tu, Mama Godelive wa Fataki mwenye kuuza sombe. Niliuliza mu soko muzima mupaka nikamupata. Nilifurahi, Mama Inspecteur! Miaka makumi mbili siye tulikuwa tunakuya hapa kupangusa mavumbi tu, barua hakuna. Sasa barua ikarudi. Kisha njo nikaangalia mu registre, ile kode iko ya wapi."

"Nionyeshe. Na nieleze kode inatembea namna gani. Nieleze kama kwa mutu hajuwe kitu."

Hapo uso wa mzee ulirudiwa na damu kidogo. Kazi yake aliipenda. Alisimama, akachukua bahasha moja tupu, akaonyesha visanduku sita vilivyochapwa chini, mkono wa kulia, vya kuandikia namba ya mahali barua inakokwenda, na vingine sita nyuma, vya namba ya mwenye kutuma.

Kode ya posta, alieleza, husomwa vipande vitatu, tarakimu mbili mbili. Hakuna mtu mmoja anayeisoma yote. Mkono wa kwanza, kule mji mkuu, husoma namba mbili za mwanzo tu: hamsini na nne, mfuko wa Ituri, basi, mtu huyo hajali kingine. Mkono wa pili, hapa Bunia, husoma namba mbili za katikati: hizo husema barua ipande barabara gani. Mkono wa tatu, kule barabarani, husoma mbili za mwisho, nazo husema kituo kipi. Jina la mtu husomwa mwisho kabisa, na yule anayemjua.

"Miye hapa sijuwe mutu," Bruno akasema. "Najuwa numero. Njo uzuri yake. Mutu hata hajuwe kusoma Kifaransa, hata iko wa kabila gani, barua itafika. Mwanzo batu balikataa, balisikia kode, balizani ni kodi, balisema serikali inakuya kulipisha hata anwani." Alicheka kidogo, kisha akakumbuka walichokuwa wakizungumzia, akaacha.

Akafungua daftari kubwa la kode. Kidole chake kilishuka ukurasani. 54, Ituri. 60, barabara ya Fataki na milima ya juu. 12: kijiji kidogo juu ya ukingo wa kilima, kilomita nne kupita Fataki. Kwenye safu ya mwisho, iliyohesabu wakazi, paliandikwa sifuri.

"Mbona mahali pasipo mtu mulipapatia kode?"

"Balitumia karte ya zamani. Balisema batu batarudi, wakute fasi yao ingali na numero." Akainua mabega. "Batu banakimbia. Kode haikimbiake."

Fanny aliupitisha ukurasa wote wa 60 kwa kalamu. Vituo arobaini. Alihesabu sifuri thelathini na moja. Aliandika hesabu hiyo kwenye daftari lake la shule, ukurasa wa kushoto, mahali anapoweka vitu asivyojua bado vya nini.

Kisha akafungua kamba na kuzipanga barua za droo mezani. Mbili zilikuwa za Godelive mwenyewe, majibu aliyomwandikisha jirani, na Bruno hakuyatuma kwa sababu hapakuwa na wa kuyapokea. Kumi zilitoka kwa watu wengine, kwenda kwa watu wengine wa Bunia. Mwandiko ulikuwa tofauti kwenye kila bahasha: mmoja wa mzee mwenye mkono unaotetemeka, mwingine wa mtu aliyesoma seminari, mwingine herufi kubwa tupu. Nyuma ya zote kumi kulikuwa na kode moja, 54-60-12. Pamoja na Rébecca, watu kumi na mmoja walikuwa wanaandika kutoka kijiji chenye sifuri.

"Na hii ni nini?"

Pembeni ya visanduku, nje ya kile cha sita, kila mmoja aliongeza namba ndogo iliyobanwa kwenye ukingo wa karatasi. 08. Alipozihesabu, 08 za namna hiyo zilikuwa kumi na mbili: kumi za droo na za barua mbili za Rébecca alizokuja nazo. Moja alikuwa amebaki nayo Godelive.

"Numero ya parcelle," Bruno akasema kwa sauti ya chini, maana yake namba ya kiwanja. "Wengine banaongezaka numero ya parcelle."

"Wote kumi na mmoja wanakaa parcelle moja?"

"Njo kitu ilinifungisha droo." Bruno aligusa rozari. "Batu kumi na moya, ndani ya parcelle moya, kwa kijiji haina mutu. Weye ile unaiita nini? Miye niliiita jina yake. Nikasema, siwezi kubeba barua ya mufu kwa mutu iko anapika chakula ya watoto yake."

Fanny alihisi nywele za mikono zikisimama, na akakasirika kwa sababu zilisimama. Nje pikipiki zilikuwa zikipiga honi kama kila siku. Alitaka sana mzee huyu awe mjinga, lakini hakuwa mjinga. Alikuwa amehesabu vizuri na akafika kwenye kaburi.

"Na Mama Godelive ulimwambia?"

"Aliniuliza barua iko inatoka wapi. Nilimusomea registre. Ningemudanganya?"

"Basi leo anakwenda kule kwa sababu ya registre yako."

Bruno alitazama viatu vyake.

Fanny alikunja mikono ya shati. Akikosa pa kuanzia, huanza na njia ya kitu: kilipita wapi, mkononi mwa nani, siku gani. "Gunia ya Fataki inafikaka siku gani?"

"Siku ya mbili. Ikifika." Fanny akaandika Jumanne.

"Na hizi zilifika siku gani?"

Bruno alichukua daftari la mapokezi. Akapitisha kidole, akarudi juu, akapitisha tena. Akainua uso.

"Siku ya ine. Zote siku ya ine." Alhamisi.

"Siku ya ine kunafikaka gunia gani?"

"Ya barabara ya Komanda."

"Komanda iko kusini, Papa Bruno. Fataki iko kaskazini."

"Wafu banapitaka fasi banataka."

"Wafu hawawezi kuzunguka Komanda na gunia ya posta!" Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Hizi barua ziliandikwa na watu, kwa barabara ya Komanda. Mihuri iko wapi?"

"Vituo vidogo haina muhuri. Gunia inaokota za vituo ine, inachanganya yote." Aligeuza bahasha moja, akafunua ulimi wake wa gundi. "Lakini hizi envelope za visanduku, ni Abdoul tu anagawaka. Yule mufundishaji wa mradi ya kode. Yeye njo alizunguka vituo kufundisha batu kode."

Fanny alikuwa amekwisha kuzitia barua mkobani.

"Ile droo," akasema mlangoni, "usiifunge tena."

*

Ofisi ya mradi ilikuwa nyuma ya Boulevard, barabara kuu ya mji, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. Abdoul alikuwa mtu mrefu wa Ndjamena, mwenye umri wa miaka hamsini hivi, aliyeletwa mwaka jana kwa sababu aliwahi kufanya kazi kama hiyo kwao. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, alikuwa tayari amevaa kanzu nyeupe, na alitazama saa yake mara mbili kabla Fanny hajaketi. Kiswahili chake alikiokota hapo hapo Bunia na alikitembeza polepole, akichagua pa kukanyaga.

Fanny alimwekea bahasha tatu. "Hizi ni zako?"

"Envelope ni yangu. Maandishi hapana."

"Uligawa wapi?"

"Barabara ya Komanda, vituo vine. Vituo vya afya, kwa sababu pale watu waliotawanyika wanafika. Nilifundisha siku moja kila kituo."

"Ulifundisha nini?"

"Andika kode yako nyuma. Andika ndani ya visanduku. Usiandike kijiji, usiandike karibu na kanisa, karibu na muti mukubwa, nyumba ya fulani." Akapunga mkono kufukuza mambo hayo yote. "Watu wa hapa wanapenda kuandika hadithi juu ya envelope. Niliwaambia, kode inasema yote."

Fanny aliandika maneno hayo. Sasa alijua kwa nini msichana wa miaka kumi na mitatu aliandika barua tatu kwa mama yake bila kutaja kijiji chochote. Alikuwa amemtii mwalimu.

"Hii kode ni ya kijiji kisicho na mtu. Watu kumi na mmoja wameiandika. Uliwapa wewe?"

Abdoul alichukua bahasha, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Uso wake ulibadilika kuwa wa mtu aliyetukanwa.

"Soixante? Haiwezekani. Barabara ya Komanda haina kode hata moja yenye soixante katikati. Siwezi kuwapa hii."

"Walikosea?"

"Mutu mumoja anakosea. Kumi na mumoja wakosee kosa moja, Madame? Hapana. Hiyo si kosa. Hiyo ni mutu amewaambia."

Hoja ilikuwa nzuri, na Fanny hakupenda hoja nzuri za mtu anayemshuku. Kumbe kuna mtu amewaambia. Nani, na kwa faida gani? Alimwuliza kama kila kituo kilipewa orodha ya kode iliyochapwa. Vitatu ndiyo, Abdoul alisema. Cha nne, Marabo, karatasi zilikuwa zimekwisha. Pale alisoma kwa mdomo, wao wakaandika.

"Nani alikuwapo Marabo?"

"Infirmière Hortense, muuguzi wa pale. Ni yeye anapokea wale watu, anawatafutia ndugu. Mutu mwaminifu sana." Akasimama, akachukua kofia yake. "Mimi naenda kusali. Muulize yeye. Nakupa namba."

Akaitaja namba ya simu kwa Kifaransa, haraka, huku akitafuta viatu vyake, na Fanny akaiandika kwenye daftari akiwa amelishika juu ya goti. Abdoul alishuka ngazi mbele yake, kanzu ikigusa vumbi, akapotea kwenye msongamano wa watu.

Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Fanny alisimama kwenye kivuli cha duka la vioo, akapiga. Mashine ikamwambia kwamba namba haipo. Akapiga tena. Haipo. Alitukana kimoyomoyo, neno la Kinande ambalo mama yake alikuwa akimpiga kofi kwa ajili yake, akaitazama namba vizuri.

Akahesabu tarakimu. Kumi na mbili.

Namba za simu za Congo zina tarakimu kumi. Kila mtoto anajua. Alihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Mbili za mwanzo, mbili, mbili, mbili, halafu mwishoni 60, halafu 16.

Vioo kumi na zaidi vilikuwa vimening'inizwa mlangoni mwa duka, na katika vyote alijiona amesimama mdomo wazi. Aliisikia upya sauti ya Abdoul akitafuta viatu: *soixante-seize*. Mtu wa Ndjamena, kama Wafaransa, anapotaka kusema sabini na sita husema sitini-kumi-na-sita, neno moja. Hapa hakuna anayesema hivyo. Hapa, tangu shule ya msingi, tangu kwa Wabelgiji, sabini ni *septante*, na sabini na sita ni *septante-six*, sokoni, kanisani, popote. Fanny aliyajua yote mawili. Alikwenda chuo, anatazama habari za Paris kwenye televisheni. Lakini sikio lilisikia sitini, na mkono haukungoja: uliandika 60. Kisha likaja kumi na sita, nao ukaandika 16.

Akafuta. Akaandika 76. Tarakimu zikawa kumi.

Akatoa bahasha ya Rébecca, akaigeuza. 54. 60. 12. Visanduku sita vimejaa. Na nje, pembeni, namba iliyokosa pa kukaa: 08.

Abdoul alisimama mbele ya darasa huko Marabo akasoma: *cinquante-quatre, soixante-douze, zéro huit*. Hamsini na nne, sabini na mbili, sifuri nane. Watu kumi na mmoja wakainamisha vichwa, wakaandika walichosikia: hamsini na nne, sitini, kumi na mbili. Visanduku vikaisha. Mwalimu akasema tena sifuri nane, nao, kwa kuwa ni watu watiifu, wakaibana pembeni. Hakuna kiwanja namba nane. Kulikuwa na kituo namba nane, na barabara namba sabini na mbili.

Na kwa nini kosa liliangukia kijiji kilichokufa? Alifungua ukurasa wa kushoto wa daftari. Vituo arobaini, sifuri thelathini na moja. Mtu akikosea akaandika 60, karibu popote atakapoangukia ni majivu. Halikuwa jambo la mizimu, na bado hilo ndilo lililomuumiza zaidi ya mengine yote asubuhi hiyo.

Akapiga simu.

"Halo?" Sauti ya mwanamke, na nyuma yake watoto wanakohoa.

"Mama Hortense wa Marabo? Miye Inspecteur Fanny, toka Bunia. Kode yenu ya posta ni gani? Niambie kwa septante."

"Kwa septante namna gani?"

"Angalia kama kuna kitu yenye kuchapwa. Si ile muliandika."

Alisikia droo ikifunguliwa, karatasi zikigeuzwa. "Wiki ilipita balituletea kibao ya kubandika mulangoni, hatuyabandika... Cinquante-quatre. Septante-deux. Zéro huit. Lakini siye hatuandikake hivi."

"Najua. Rébecca wa Fataki iko kwako?"

"Rébecca? Iko. Ya kovu ya mafuta mukono ya kushoto? Iko kwa masomo, anatokaka saa saba. Mama Inspecteur, kuna nini? Tunangojea majibu tangu mwezi ya tatu. Haikukuya hata moya. Wamoja balishachoka. Kuko muzee hapa alishavaa kilemba nyeusi, anasema kama hakuna jibu, basi ndugu yake bote balikufa."

Fanny aliegemea ukuta. Upande huu mzee mmoja alikuwa amefungia droo akiwalinda walio hai dhidi ya wafu. Upande ule mzee mwingine alikuwa amevaa nguo za msiba kwa ajili ya watu wanaouza na kununua sokoni Bunia.

"Mwambie avue," akasema. "Mwambie jibu linakuja."

Kisha akampigia Bruno, maneno machache. Wote kumi na mmoja wako hai. Wako Marabo; soixante-douze waliigawa vipande viwili. Kamata baiskeli, uwatafute ndugu zao.

Bruno akauliza, "Na kule kwa soixante-douze..." akajisahihisha, "kwa soixante, douze. Kule kweli haina mutu?"

"Kule hakuna mtu, Papa Bruno."

"Sawa," mzee akasema. "Nitaiacha sifuri."

*

Pikipiki ilimfikisha kwenye parking ya magari ya Kpandroma saa sita kasoro dakika kumi. Lori lilikuwa linanguruma tayari. Juu ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni walikaa watu saba, na wa mwisho upande wa nyuma alikuwa Godelive, kitambaa cheupe kichwani, kifurushi kidogo mapajani. Alikuwa amekonda tangu Jumatatu.

"Mama Godelive! Shuka. Rébecca haiko kule. Iko Marabo. Iko muzima."

Godelive alimtazama kutoka juu bila kusogea.

"Nani alikuambia?"

"Nimeongea na infirmière wake kwa telefone."

"Telefone." Alitikisa kichwa polepole. "Mama Inspecteur, mwaka jana pia balinipigia. Balimuweka mutoto kwa telefone, analia, mama, mama. Nilienda mupaka Mahagi. Haikukuwa yeye. Na mbele ya ile, balisema iko Aru. Miye sishuke tena kwa telefone. Kode inasema iko kule. Papa Bruno alinisomea mu buku. Naenda kumuzika mutoto yangu, nipumuzike."

Utingo alipiga bati kwa kiganja. Dereva akakanyaga mafuta. Fanny alifikiri kumvuta kwa nguvu, na mandat angepata ya kumshika mtu yeyote kwa lolote. Lakini mtu aliyeshushwa kwa nguvu leo atapanda kesho.

Ubavu wa lori ulikuwa na vumbi jekundu la wiki nzima. Fanny aliligonga kwa kidole.

"Mama, weye unauzisha sombe miaka ngapi?"

"Kumi na tano."

"Hesabu inakushinda?"

"Hesabu?" Hata katika hali ile alikasirika. "Hakuna mutu wa soko atanishinda hesabu."

"Basi inama, uniandikie hapa. Mara moja tu. Nikitamka, weye andika. Ukimaliza, kama unataka kwenda, nenda."

Godelive aliinama, akashusha mkono ubavuni mwa lori. Fanny akasema, polepole, kwa matamshi ya mtu wa Ndjamena:

"*Soixante-douze*."

Kidole kiliandika kwenye vumbi bila kusita. 60. Kisha, pembeni yake, 12.

"Sasa andika *septante-deux*."

Chini yake kidole kikaandika 72.

"Mama, ile ni numero moja," Fanny akasema. "Ulisikia ya mugeni ukaandika hivi. Rébecca pia alisikia ya mugeni, akaandika kama weye. Kumi na moja balisikia, kumi na moja baliandika. Mutoto hakukosa. Alisikia kwa masikio ya hapa kwetu. Septante-deux, zéro huit. Ile ni Marabo."

Godelive alitoa mfukoni bahasha ya Rébecca, ile aliyobaki nayo, akaishika karibu na vumbi. Akalinganisha 60 na 60. Akalinganisha 12 na 12. Akagusa 08 kwa kucha, ile namba iliyokosa nafasi. Midomo yake ilihesabu, kama inavyohesabu sokoni, bila sauti. Lori lilisogea hatua moja, na abiria mmoja akapiga kelele kwamba mama anaanguka.

Hakuwa anaanguka. Alikuwa anashuka.

Alifika chini akiwa ameshika kifurushi tu, na mguu mmoja bila kandambili, kwa kuwa nyingine ilibaki juu na lori likaondoka nayo. Hakuiulizia. Alikaa juu ya jiwe, akafungua kifurushi magotini. Ndani mlikuwa na gauni la maua ya njano, limepigwa pasi, la mtoto wa miaka sita.

"Nilikuwa naenda kumuzika nayo," akasema. "Balisema kama mwili haiko, unazika nguo."

Mtu wa pikipiki aliuliza kama safari ya Marabo ipo, kwa sababu mawingu yanakusanyika. Ipo, Fanny akamjibu, ngoja.

Ng'ambo ya parking kulikuwa na mwanamke anayeuza nguo za mitumba juu ya turubai. Godelive aliinuka, akaenda kwake akichechemea, mguu mmoja mtupu, gauni la njano mkononi. Fanny alimfuata. Alisikia muuzaji akiuliza, kama anavyowauliza wateja wote:

"Unatafuta ya mutoto? Iko mukubwa namna gani?"

Godelive alishusha kiganja hadi usawa wa kiuno, mahali kilipokaa kwa miaka saba. Akakitazama. Kisha akaanza kukiinua, polepole, tumboni, kifuani, begani, akisimama kila mahali, na machozi yakimtoka. Kilipofika kidevuni akamgeukia Fanny.

"Ni hapa?" akauliza. "Mama Inspecteur, unaona inaweza kuwa hapa?"